Jicho la Kulia la Fundi wa Vibao

Herufi iliyonitesa kuliko zote ni S. Mtu yeyote anaweza kuandika I, na hata A ukiwa na rula utaifikisha. Lakini S kubwa, ya urefu wa mkono mzima, juu ya ukuta wenye mabonde, kwa brashi moja, bila kuichora kwanza kwa penseli, hiyo nimemwona mtu mmoja tu akiiandika katika mji huu wa Bujumbura. Alikuwa akianza juu, anashuka kama mtu anayeteremka ngazi za nyumba yake mwenyewe, katikati anageuka kumjibu salamu mpita njia huku brashi bado iko ukutani, kisha anamaliza. Mara ya kwanza nilisimama nyuma yake nikiwa na ndoo ya rangi mkononi, nikahisi kitu kinanibana chini ya mbavu. Nilidhani ni njaa, maana siku hiyo sikuwa nimekula. Nilikwenda nikala, na kile kitu hakikuondoka.

Watu walimwita Fundi. Buyenzi imejaa mafundi, wa magari, wa redio, wa vitanda, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamtaja yeye, mwandishi wa vibao na kuta. Mimi pia ni mwandishi wa vibao. Nilivuka kutoka Uvira nikiwa kijana, nikapanga chumba Kinama, na huko ndiko nilikooa na ninakoishi hadi leo. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeandika maduka, saluni, makanisa na mabasi. Hakuna aliyewahi kuniita Fundi. Mimi nilikuwa "yule Mkongomani anayeandika pia." Hilo neno "pia" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo wanayajua wazee wa msikitini kwake. Mimi nilijua mambo mengine. Nilijua kwamba anafunga brashi zake kwa kitambaa cha shuka ya zamani, kubwa huku, ndogo kule, kama mama anavyolaza watoto. Nilijua anakunywa chai bila sukari halafu anakula maandazi matatu. Nilijua kwamba anapopima mstari anafunga jicho la kushoto na kutazama kwa la kulia, ulimi ukiwa umetokeza kidogo pembeni. Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba sijui hata rangi ya kitenge alichovaa jana, lakini nikiulizwa Fundi alivaa nini Jumatano iliyopita nitajibu. Alisema kweli. Mwenye wivu anaangalia kuliko mpenzi.

Adhana ilipolia, aliacha herufi hapo ilipofika. R ilibaki bila mguu, yeye akateremka ngazi, akanawa, akaenda. Mteja alikaa kwenye kiti chake akingoja, wala hakuangalia saa. Mimi nikiteremka kunywa maji, mteja ananiuliza kama kazi imenishinda.

Kilichoniuma zaidi ni Kifaransa. Fundi hakukijua. Alijua salamu, alijua kuhesabu, basi. Alisoma Kurani vizuri sana, kwa sauti iliyowafanya watu wasimame dirishani kwake, lakini "Alimentation" ya duka la vyakula kwake ilikuwa mfululizo wa maumbo tu. Alipewa neno kwenye karatasi, akalihamishia ukutani, na likatoka zuri kuliko maana yake. Mimi nilimaliza shule ya sekondari kule Uvira. Nilijua wapi herufi mbili zinarudiwa na wapi kuna alama juu ya E. Na bado mwenye duka alimpa kazi mtu asiyejua alichoandika, akaniacha mimi niliyejua.

Yeye mwenyewe hakulificha. Kabla ya kuanza kazi kubwa alinijia na karatasi yake. "Profesa," ndivyo alivyokuwa akiniita, "niangalilie. Hii iko sawa?" Nilikuwa nasoma, nasahihisha, namrudishia. Sikuwahi kumdanganya katika maneno. Ningeweza. Siku moja nilishika kalamu nikitaka kumwongezea L moja ambayo haikuhitajika, mkono ukakataa. Nilijiona mtu mwema sana siku hiyo.

Naye alinifundisha, hilo nalo lazima niliseme ingawa linaniuma kulisema. Aliniona nikihangaika na jina la saluni, herufi zimesongamana mwishoni kama watu mlangoni. Akasimama chini ya ngazi yangu. "We unaandika herufi," akasema. "Acha. Andika ile nafasi iko katikati yao. Herufi zitakuja zenyewe." Tangu siku hiyo kazi yangu ilibadilika. Nilipata wateja kwa sababu ya maneno hayo, na kila mteja niliyempata nilijua ametoka mfukoni mwa nani. Mtu anakupa kitu kizuri mbele za watu, huwezi kukikataa, na huwezi kukisahau.

Asifikirie mtu kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na majivuno. Ijumaa baada ya sala alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akatembea mjini taratibu akipitia kazi zake, anasimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, anaangalia. Alitukana kuta. Ukuta ukinyonya rangi aliutolea maneno ambayo mtu aliyetoka kuswali hayatoi. Hakuazimisha brashi kwa mtu yeyote. Na bashe, zile turubai za matangazo za kuchapwa kwa mashine, zilipoanza kufunika mji, hakutaka hata kuzitaja. "Hiyo ni nguo," alikuwa akisema. "Imeanikwa."

Sasa nifike Musaga.

Fundi alikuwa amepata duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya kwenda kusini. Ukuta mrefu, neno refu, QUINCAILLERIE, na chini ya neno mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mjane, mkali, aliyejulikana kwa kutoridhika na kitu chochote. Kazi ilipoisha, Fundi alinipigia simu niende. Nilidhani anataka kujivuna. Nikaenda, maana kutokwenda kungeniuma zaidi.

Nilimkuta amesimama ng'ambo ya barabara, mikono haiko nyuma. Mmoja ulikuwa umefunika jicho la kulia, kisha ukahamia la kushoto, kisha ukarudi.

"Profesa, simama hapa. Ule mustari unauona namna gani?"

Niliangalia. Mstari ulikuwa umezama. Ulianza vizuri kushoto, ukafika katikati ukashuka kwa unene wa vidole vitatu, kisha ukapanda tena kama kamba ya kuanikia nguo. Nilihesabu pumzi zangu. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimetafuta kosa katika kazi ya mtu huyu, na sasa lilikuwa mbele yangu, jekundu, la upana wa ukuta mzima.

"Mi sielewi," akaendelea. "Nikifunga jicho la kushoto, umenyoka. Nikifunga la kulia, umezama. Sasa jicho gani linasema kweli?"

Hakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza. Mke wake alikuwa amefariki, binti yake anaishi Nairobi, na wateja hawajui mstari. Alimwuliza mtu mmoja katika mji mzima aliyejua.

"La kulia," nikasema.

"Kweli?"

"Umenyoka kabisa, Fundi. Hiyo la kushoto ni uchovu."

Akavuta pumzi ndefu. Akanishukuru. Akaninunulia soda pale kwa mama wa duka, nikainywa.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya furaha, naona haya kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilipita mjini kama yeye alivyokuwa akipita Ijumaa. Basi moja lilikuwa na jina lililoinama katikati. Duka la dawa lilikuwa na mstari wa kijani uliolegea. Alikuwa akiliamini jicho nililomwambia aliamini, na jicho hilo lilimwonyesha dunia iliyopinda, naye akaipinda kazi yake ili ionekane imenyooka. Niliona mimi peke yangu. Hakuna mteja aliyelalamika. Hata furaha yangu ilikosa mtu wa kushiriki nami.

Halafu asubuhi moja alikuja kwangu Kinama. Hakuwahi kufika. Mke wangu alipomwona mlangoni alitoa kiti chenye mto, kile tunachomwekea mchungaji, akatafuta kikombe kisicho na ufa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo.

"Shemeji, usihangaike," alimwambia mke wangu, kisha akanigeukia. "Profesa, hili jicho limeharibika. Kama mutu ameweka kidole cha mafuta kwa kioo, hapa katikati. Nikikuangalia, naona masikio yako, uso sioni. Kuna muganga wa macho mjini, anasema Kifaransa tupu. Nataka twende wote."

"Fundi, uko na watu wengi wa msikiti. Wengine wamesoma kuliko mimi."

"Nataka we."

Mke wangu alinitazama kwa jicho lililosema: ukikataa, usirudi kula hapa.

Mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani wiki hiyo, foleni za mabasi zilizunguka mtaa, tukatembea kwa miguu. Alinishika kiwiko kila tulipovuka mfereji. Njiani watu walimsalimia, Fundi, Fundi, pole Fundi, kama harusi inapita. Hakuna aliyeniuliza mimi ninakwenda wapi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimtia matone, tukangoja mboni ipanuke. Kisha akampa karatasi yenye miraba midogo, kama ya daftari la hesabu, na nukta katikati. Akaniambia kwa Kifaransa nimwambie afunge jicho la kushoto, atazame nukta, aseme anachoona. Nikamwambia.

Fundi hakusema. Aliomba kalamu. Juu ya karatasi nyingine, jicho la kushoto likiwa limefungwa, akachora alichokuwa akiona: mistari inakuja imenyooka kutoka pembeni, inafika karibu na nukta inaviringa, inazama, inasongamana, na katikati akaacha doa la kivuli, laini, lililofifia kingoni. Kwa kalamu ya wino ya kawaida. Daktari aliishika ile karatasi muda mrefu, akatoka nayo, akamwonyesha mwenzake chumba cha pili. Nilisikia wakishangaa. Akarudi akaomba kama anaweza kuihifadhi.

Hata ugonjwa wake aliuandika vizuri. Nilikaa pale nikiionea wivu picha ya jicho linalokufa.

Baada ya vipimo, daktari alitugeuzia kioo cha kompyuta. Nyuma ya jicho, mahali ambapo palipaswa kuwa pekundu sawasawa, palikuwa na kilima cha mviringo, rangi ya chungwa. Nilimtafsiria polepole. Ni uvimbe, lakini si saratani. Ni mishipa ya damu iliyojifunga pamoja, pengine tangu alipozaliwa, ikakaa kimya miaka yote. Sasa imeanza kuvuja maji, na maji hayo yanainua ule utando wa ndani unaopokea picha. Ndiyo maana mistari inapinda. Iko tiba ya mwanga, daktari alisema. Wanakutia dawa mshipani, dawa inakwenda kukusanyika kwenye uvimbe, halafu wanaumulika kwa mwanga maalumu usiounguza, na dawa inafanya kazi pale tu mwanga unapogusa. Yeye hakuwa na mashine hiyo. Nairobi wanafanya.

"Alhamdulilahi, si saratani," Fundi alisema, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili.

Kisha daktari akaniuliza kitu. Akakiuliza kwa utulivu, kalamu juu ya karatasi.

Sikutafsiri mara moja. Fundi akasema, "Anasema nini?"

"Anauliza ulianza lini kuona hivi."

"Mwambie, tangu kazi ya Musaga. Miezi saba, minane."

Nikamwambia. Daktari akakunja uso, si kwa hasira. Akasema maji yamekaa muda mrefu, kwamba yakikaa yanaharibu, na sehemu nyingine huenda isirudi. Akauliza kwa nini hakuja mapema. Hayo yote nikayatafsiri, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayesoma tangazo.

Fundi alikuwa akitazama kwenye kioo, kile kilima chake cha chungwa.

"Mwambie," alisema, "nilimuuliza mutu. Akaniambia iko sawa."

Hakunigeukia. Daktari alikuwa akingoja. Nilifungua mdomo, nikasema kwa Kifaransa safi, nilichojivunia maisha yangu yote: alimwuliza mtu, na huyo mtu akamwambia yuko sawa. Daktari akatikisa kichwa, akaandika, akasema watu wanapenda kufarijiana badala ya kumwona daktari. Fundi akauliza tena, "Anasema nini?"

"Anasema pole," nikajibu.

Tulirudi kwa miguu. Alinishika kiwiko kwenye mifereji, vilevile.

Binti yake alimwita Nairobi. Alikaa huko wiki tano. Niseme ukweli, siku ya pili tu baada ya yeye kuondoka nilifagia mbele ya mlango wangu, nikapanga makopo ya rangi mahali yanapoonekana. Nilijua wateja wake watahitaji mtu. Nilikwenda mwenyewe kwa mwenye basi mmoja aliyekuwa akingoja jina. "Tunamungoja Fundi," akasema. Kwa mwenye saluni: "Tunamungoja." Mwenye kiwanda kidogo cha mikate alikuwa na ukuta uliopakwa chokaa tayari, mweupe, unalia kuandikwa. "Apana, ndugu yangu. Akirudi." Mtu mwenye jicho moja, tena yuko nchi nyingine, alikuwa na kazi nyingi kuliko mimi niliye na macho mawili mlangoni pao.

Ndipo nikaenda Musaga. Nilibeba rangi nyekundu, nyeupe, uzi wa kupigia mstari, na ngazi. Nilijiambia nakwenda kutengeneza nilichoharibu. Labda ilikuwa hivyo. Lakini nilipokuwa nikichanganya ile nyekundu nilijua pia kwamba nitaweka mstari wangu juu ya wake, na kwamba utakuwa umenyooka.

Mama wa duka alitoka kabla sijapanda.

"We! Unafanya nini hapo?"

"Mama, mustari umezama katikati. Naunyosha. Silipishi kitu."

Aliangalia ukuta wake. Akarudi nyuma hadi karibu na barabara, akaangalia tena, kichwa kulia, kichwa kushoto. "Umezama wapi?"

"Hapa. Angalia uzi."

Nikauvuta uzi. Chini ya uzi, mstari ulionekana wazi ukitoroka. Mama aliuona, najua aliuona, kwa sababu aliufuata kwa kidole hadi kona. Kisha akasema, "Na we ulijua tangu lini?"

Nikaanza kuukunja uzi.

"Toa ngazi yako," akasema. "Hii iko mukono ya Fundi. Uwe umezama, uwe umepanda, utabaki hivyo." Akaegemea mlangoni akiningoja niondoke.

Fundi aliporudi, baraza lake lilijaa watu siku tatu. Alivaa miwani myeusi na kofia pana, ingawa siku alizokatazwa jua zilikuwa zimekwisha. Nadhani alizipenda. Alisimulia jinsi walivyomtia ile dawa kwenye mshipa wa mkono, ya kijani iliyokolea, polepole, huku saa inahesabu. Kisha wakamweka kidevu kwenye kifaa, wakamwekea kioo jichoni, akaambiwa asitikisike.

"Taa nyekundu," alisema. "Duara. Dakika moja na nusu hivi, haifiki mbili. Sikusikia joto, sikusikia maumivu. Nikajiambia, hii ni kazi kama yangu. Mutu anashika mukono wake bila kutetemeka, anapaka mahali pamoja, asivuke ukingo."

Watu walipumua pamoja naye. Akaeleza siku tano za kujificha jua, maana dawa ilikuwa bado mwilini na jua lingemchoma ngozi: mikono mirefu, soksi, pazia limefungwa, binti yake akimkaripia kila akisogelea dirisha. Alisimulia vizuri hadi mzee mmoja akasema anatamani naye aone ile taa. Nami nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na viatu, na nilitamani vilevile. Nilitamani kuwa na kilima cha chungwa nyuma ya jicho langu, watu wakae barazani kwangu siku tatu.

Maji yalikauka polepole, miezi ikapita. Uvimbe ulinywea. Mistari ilirudi karibu sawa, lakini pale katikati pakabaki pamefifia, kama kitambaa kilichofuliwa mno. Hapo ndipo daktari aliposema pengine hapatarudi. Fundi alijifunza kupima kwa jicho la kushoto. Ilimchukua muda, nilimwona akifuta na kurudia, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Kazi yake ikawa ndogo, vibao vya mbao, namba za nyumba, majina mlangoni. Kuta kubwa zikaanza kuja kwangu, moja moja. Nilizipata hatimaye. Nilipanda ngazi, nikaandika S, na hakukuwa na mtu chini wa kunionea wivu.

Nilianza kutunga maneno ya kumwambia. Niliyatunga zaidi ya mwaka. Niliyajaribu kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, hata kwa Kirundi changu kibovu. Kila nilipokwenda kwake palikuwa na mtu, au nilitaka pawe na mtu.

Mwezi uliopita nilikuwa Mutanga Sud, nimetoka kupima ukuta wa duka la fotokopi karibu na chuo. Mvua ikanikuta. Nikaingia kwenye kibanda cha chai cha wanafunzi, na yeye alikuwa amekaa pale ndani peke yake, kikombe mbele yake, ameleta kibao cha mteja. Amezeeka. Akanitambua kwa kugeuza kichwa kidogo, ili aniangalie kwa la kushoto.

"Profesa. Kaa."

Nikakaa. Mvua ilikuwa kubwa, bati linapiga kelele, hakuna aliyeweza kutusikia. Nikajua ndiyo siku. Nikavuta pumzi.

"Ngoja," akasema. "Kuna kitu nataka kukuambia kwanza. Nimekaa nacho muda murefu."

Akazungusha kikombe.

"Ile shule kubwa ya Ngagara, ukuta wake wote ule, na ramani ya nchi, na alfabeti. Unaujua?"

"Naujua. Ni kazi yako." Kila mtu aliujua. Ulimpa jina mara ya pili, miaka kumi na kitu iliyopita.

"Si yangu. Mukurugenzi alikuja Buyenzi akitafuta we. Alisema, nataka yule Mukongomani, anaandika Kifaransa bila makosa, shule haiwezi kuwa na makosa. Aliniuliza mi, unakaa wapi." Akakitazama kikombe. "Nikamwambia umerudi Congo. Nikamwambia umerudi kabisa, na mke wako."

Nikakisogeza kibao cha mteja, matone yasikifikie.

"Niliogopa," akasema. "We ulijua kusoma. Nilijua siku moja watataka mutu anayejua kusoma."

Mtu alikuwa amenitaka. Katika mji huu, mara moja, mtu alipita mbele ya Fundi mwenyewe akaulizia mimi, na aliyemjibu alikuwa na wivu. Nilitaka kukasirika. Badala yake niliona uso wangu ukipata moto kama wa msichana aliyesifiwa. Na mara hiyohiyo, chini ya mbavu, kile kitu cha zamani kikanibana: hata kuungama alikuwa amenitangulia. Yangu ingetoka ya pili, ndogo, kama mtu anayeitikia tu.

Niliitoa hivyohivyo. "Fundi, pale Musaga mi niliona. Mustari ulikuwa umezama. Niliona siku ile ile."

"Hiyo najua."

"Tangu kwa muganga?"

"Tangu pale. Ulijibu haraka mno. We kwa kazi yangu hujawahi kujibu haraka." Akainua kikombe, akakiweka bila kunywa. "Lakini nilitaka iwe kweli, ule uchovu. Nikakushika mukono nikaamini."

Mvua haikupungua. Mwenye kibanda alikuja na chupa ya chai, akanimiminia bila kuuliza, akaenda.

"Umenisamehe?" nikamwuliza.

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama anavyofikiri mbele ya ukuta.

"Bado," akasema. "Nikiamka asubuhi, kabla sijakumbuka, nafungua lile la kulia kwanza. Bado. Na we, umenisamehe ile shule?"

Nikaufikiria ule ukuta wa Ngagara, alfabeti yote, na S yake.

"Apana," nikasema. "Bado."

Akacheka, nikaona amepungua meno. Akasukuma sahani ya maandazi hadi upande wangu wa meza.

"Basi kula," akasema. "Mvua hii haiishi leo."